Yule Aliyekusikia

Chini ya mwarobaini ulio nje ya uzio wa mahakama mjini Kitui, asubuhi moja ya kiangazi, nilimwona kijana akimsomea bibi yake karatasi. Bibi aliketi juu ya jiwe, miguu ameikunja upande, leso imemfunika mabega. Kijana alichuchumaa mbele yake, karatasi kaishika kwa mikono miwili kama mtu ashikaye kitu kinachoweza kumwagika. Ilikuwa hukumu ya Mahakama ya Rufaa, kurasa nyingi za Kiingereza, nayo ilihusu mauaji ya mwana wa yule bibi. Kijana alisoma sentensi, akanyamaza, akaitafuta kwa Kikamba, akasoma nyingine. Sikukaa pale ili nisikie yasiyonihusu, lakini kivuli cha mahakamani ni cha watu wote, na neno likisemwa chini yake halina mlango wa kufungwa. Kila baada ya aya chache lilirudi jina lile lile, "trial judge", na kila liliporudi kijana alijikwaa. Mwishowe akalitafsiri alivyoweza, neno kwa neno: jaji wa majaribio. Bibi akainua uso. "Wa majaribio?" akauliza. "Kwani kesi ya mwanangu ilikuwa ya kujaribu tu?" Kijana akaitazama tena karatasi, kana kwamba jibu limejificha kati ya mistari. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "La, Susu. Ni yule jaji aliyekusikia." Bibi akaitikia kwa kichwa. "Huyo namjua," akasema. "Aliweka kalamu chini nilipolia."

Tangu siku hiyo jibu la kijana limekaa nami kama punje iliyonasa kwenye jino. Alikosea kwanza, kisha akapatia, na kati ya kukosea na kupatia mna safari ndefu kuliko barabara ya Kitui hadi Nairobi. Lile neno la Kiingereza lililomkwaza limetoka katika Kifaransa cha kale, katika kitenzi chenye maana ya kuchagua, kutenga kizuri na kibaya. Kabla kesi haijaitwa jaribio, ilikuwa upepetaji. Na mtu wa Kitui hahitaji kamusi ili aelewe upepetaji. Mvua za vuli zikipita na ndengu zikikauka, maganda hutandazwa uani, hupigwa kwa fimbo hadi yafunguke, kisha mama husimama na ungo mkononi akisubiri upepo. Upepo huchukua makapi, nayo huenda kwa urahisi, kwa kuwa ni mepesi. Kinachobaki ungoni ndicho kigumu: kijiwe chenye umbo la punje, uzito wa punje, na vumbi lile lile la punje. Upepo haukijui. Hapo mama hukaa chini, huweka ungo mapajani, hupitisha kidole polepole, na jicho hufuata kidole. Kazi hiyo haifanywi kwa mbali. Haiwezekani kumwandikia mtu barua kwamba katika ungo wako mna vijiwe vitatu, naye akavitoa kwa kusoma barua. Atakayevitoa ni yule ambaye ungo uko mapajani mwake.

Nikaanza kuyatazama majina mengine ambayo sheria imempa mtu huyu mwenye ungo. Katika Katiba ya zamani ya Kenya, ile iliyotangulia ya 2010, majaji wa Mahakama Kuu waligawanywa katika mafungu mawili: Jaji Mkuu peke yake, na wengine wote, walioitwa "puisne". Neno hilo huandikwa hivyo na hutamkwa "pyuni", na wengi waliolibeba katika vyeti vyao vya uteuzi hawakupata kuulizwa na mwananchi hata mmoja maana yake. Ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale yaliyogandana kuwa moja: aliyezaliwa baadaye. Huko Uingereza waliitwa hivyo majaji wa mahakama za kale ambao hawakuwa wakuu wa mahakama hizo. Kisha neno likapanda meli pamoja na bendera na vitabu vya sheria, likashuka katika makoloni. Kanada linatumika hadi leo, hata kwa majaji wa mahakama ya juu kabisa wasio Jaji Mkuu. Kwa hiyo halitaji kazi anayoifanya jaji. Linataja mahali pake katika foleni ya kuzaliwa. Na Kiingereza kililizaa humo humo neno jingine, lenye matamshi yale yale, ambalo maana yake ni kitu dhaifu kisicho na kimo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba yule anayeketi peke yake mbele ya mshtakiwa wa mauaji, anayekabidhiwa uhai wa mtu mmoja na machozi ya mwingine, akaandikwa katika sheria kuu ya nchi kwa jina la udogo.

Lakini udogo wa kuzaliwa si neno la kudharau kwetu, ukilitazama kwa makini. Katika nyumba nyingi za Ukambani, kama katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kitinda mimba ndiye anayebaki. Wakubwa wake huenda Nairobi, huenda Mombasa, hujenga kwao. Yeye hubaki na wazee. Wakubwa hurudi Desemba wakauliza hali ya mama, na mama, kwa kuwa ni siku ya furaha, husema hajambo. Kitinda mimba hanyanyui neno, lakini yeye ndiye aliyesikia kikohozi usiku wa manane. Yeye ndiye ajuaye kwamba mama huinuka mara tatu kabla ya alfajiri, na kwamba anaposema hajambo huku akishika ukingo wa kiti, hilo si neno la afya. Ikiwa "aliyezaliwa baadaye" maana yake ni huyu, aliyebaki nyumbani na kusikia, basi jina lile la kigeni lilikuwa na heshima ambayo hata walioliandika hawakuiona. Katiba ya 2010 haikulibeba. Ibara ya 165 inawataja majaji wa Mahakama Kuu bila kuwaambia ni wa ngapi kwa kuzaliwa, na inawaachia wenyewe wamchague kiongozi wao kutoka miongoni mwao. Jina limeondoka, na nafasi yake imebaki wazi. Ni nafasi hiyo iliyojazwa chini ya mwarobaini.

Maana Kiswahili nacho kina majina yake, na kila jina limeshika kiungo kimoja cha mwili. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ndugu wa tumbo moja, wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika mzizi huo mna pia jina la sehemu ya hatamu inayomzuia farasi asiende atakako. Hakimu basi ni mkono uliokamata lijamu. Ni yule anayezuia. Kadhi ni yule anayekata shauri na kulimaliza. Jaji, neno tulilolichukua kwa Waingereza nao wakalipokea kutoka Kilatini, ni yule anayetamka sheria. Yeye ni mdomo. Mwamuzi ni wetu kabisa: mtu anayeingia kati ya wawili wanaopigana, akamsukuma huyu huku na yule kule, yeye ni kifua na mikono. Mkono, mdomo, kifua. Nimeyageuza majina hayo yote nikitafuta sikio, na sikio sikuliona. Hata hivyo hakuna lijamu linaloshikwa vizuri na mkono wa mtu asiyesikia farasi anavyopumua, wala hakuna shauri linalokatwa kabla halijasikika. Labda wazee wa lugha waliona kusikia ni jambo lililo wazi mno, wakaliacha bila jina, kama vile msingi wa nyumba unavyoachwa bila rangi.

Kikamba kinampa hakimu jina la mũsili, na wakiwa wengi ni asili. Kitabu ambacho katika Biblia ya Kiswahili kinaitwa Waamuzi, katika ile ya Kikamba kinaitwa Asili. Mtu wa Pwani akiliona jina hilo mgongoni mwa kitabu atadhani ni habari za chimbuko la ulimwengu. Najua kwamba maneno haya mawili yamekutana kwa sauti tu: asili yetu sisi ni ya Kiarabu, na asili ya Wakamba imetoka katika kitenzi chao cha kuamua. Lakini kukutana kwa sauti nako ni kukutana, kama wageni wawili waliokaa kiti kimoja ndani ya matatu wakagundua wanakwenda kilio kimoja. Nikilisikia neno hilo kwa masikio mawili, la Kikamba na la Kiswahili, naambiwa kwamba wanaohukumu ndio chanzo. Na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mahakama iliyo chini kuliko zote, ile ya kata na tarafa, inayopokea shauri la mbuzi na la mahari, haiitwi mahakama ndogo. Inaitwa Mahakama ya Mwanzo. Aliyelichagua jina hilo alijua jambo ambalo ngazi za vyeo husahaulisha: kwamba ulipo mwanzo, hapo ndipo habari ilipo mbichi, na kila kinachopanda kutoka hapo kinapanda kikiwa kimekaushwa.

Kabla ya majengo ya mawe, Wakamba walisikiliza mashauri thomeni, pale nje ya boma penye moto na vigoda, na mashauri mazito yalikwenda mbele ya nzama, baraza la wazee. Sifa ya kwanza ya mzee wa baraza haikuwa kusema. Mkubwa ni jalala, Waswahili wanasema, na jalala ni mahali panapopokea kila kitu bila kutupa nyuma: maganda, majivu, matusi, uongo wa huyu na chuki ya yule. Mzee alikaa akapokea hadi kila mtu ameishiwa. Palikuwa na kiapo cha kithitu, kilichoogopwa kiasi kwamba wengine walikiri kabla ya kukigusa, na mtu aliyeletwa pale alijua kwamba kuna sikio jingine, lisiloonekana, linalosikiliza pamoja na wazee. Lakini mpenda kwao hasifu kwao kwa uongo. Thome ilikuwa ya wanaume, na sauti ya mwanamke ilifika hapo ikiwa imepita katika kinywa cha mwingine. Tena palikuwa na kingole, hukumu ya kundi, ambapo jamii iliungana kumuua mtu aliyedhaniwa kuwa mchawi au mhalifu sugu, na uzito wa damu ukagawanywa kwa wengi hata asipatikane mmoja wa kuubeba. Mtu akishukiwa na wote, nani atabaki wa kumsikia?

Mwanzoni mwa 1932 jambo hilo liliingia katika jengo la Wazungu. Wanaume 70 wa Ukambani walisimamishwa mbele ya Mahakama Kuu ya koloni kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyemdai kuwa mchawi. Kesi hiyo imeandikwa katika vitabu vya sheria kwa jina la Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69. Wao waliona wametimiza wajibu. Sheria ya koloni iliona mauaji. Watu 60 wakahukumiwa kifo siku moja. Nafikiria vinywa sitini vilivyotaka kusema neno, na lugha zilizosimama kati ya vinywa hivyo na kalamu ya jaji. Nafikiria pia kinywa cha sitini na moja, cha yule mwanamke, ambacho hakikusikika thomeni wala mahakamani. Baadaye serikali iliwaondolea kitanzi na kuwabadilishia adhabu kuwa kifungo. Lakini jaji mwenyewe hakuwa na nafasi ya kubadilisha chochote, kwa kuwa sheria ilimwekea jibu moja tu mdomoni: ukithibitishwa umeua, utakufa. Aliketi kusikiliza, na alilosikia kuhusu hofu, umri na imani ya watu wale halikuwa na mahali pa kukaa ndani ya hukumu yake.

Minyororo hiyo ilidumu sana. Uhuru ukaja, bendera ikabadilika, na jaji wa Kenya akaendelea kumwambia kila muuaji neno lile lile. Hata wazee wa baraza, wale raia waliokaa pembeni mwa jaji katika kesi za mauaji wakimpa maoni yasiyomfunga, walikuja wakaondolewa mwaka 2007, na jaji akabaki na masikio yake mawili. Hadi tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Adhabu yenyewe haikufutwa. Kilichovunjwa ni ule ulazima. Wengi waliisoma hukumu hiyo kama habari ya kitanzi. Mimi naisoma kama habari ya sikio. Inasema kwamba mtu akishapatikana na hatia bado ana neno la kusema, kwamba neno hilo ni sehemu ya haki yake, na kwamba haitoshi kulisikia huku mkono umefungwa. Mahakama ile, iliyo juu ya zote, haikujipa kazi ya kupima adhabu ya wale wawili. Iliirudisha chini, kwenye Mahakama Kuu, kwa yule mwenye ungo.

Na si mara ya kwanza walio juu kukiri hivyo. Mawakili wetu hawamalizi mwezi bila kuzitaja kesi mbili za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki: ya Selle ya 1968, katika mashauri ya madai, na ya Okeno ya 1972, katika mashauri ya jinai. Zote mbili zinasema kitu ambacho mtu wa kawaida angeweza kukisema kwa methali. Mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, lakini ikumbuke daima kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Aliyewaona na kuwasikia ni yule wa kwanza. Nikitafuta mfano wake sihitaji kwenda mbali na Kitui. Mito yetu mingi, Nzeeu, Tiva na mingine isiyofika kwenye ramani, hupita mwaka mwingi ikiwa mchanga mtupu. Mgeni huiona akasema imekufa. Mwenyeji hupiga magoti, huchimba kwa mikono na kwa kibuyu, kiwiko kikizama, bega likizama, hadi mchanga unapobadilika rangi na unyevu kupanda polepole kama aibu. Yule atakayepokea maji nyumbani ataweza kusema ni machafu au ni safi, ni mengi au ni machache, na ana haki ya kuyamwaga. Hawezi kujua mchanga ulikuwa na ubaridi gani mkono ulipofika. Kurasa za kesi ni maji ya mtungini. Machozi ya yule bibi, na muda ambao kalamu ililala, havikuandikwa popote katika karatasi aliyosomewa.

Ndiyo maana kazi hii inanitia hofu kadiri inavyonitia heshima, kwa kuwa mchimbaji naye hukosea mahali. Macho ya shahidi hayazungumzi lugha moja nchi nzima. Kijana aliyelelewa vizuri Mbooni au Kilungu huinamisha uso mbele ya mtu mzima. Jaji asiyelijua hilo anaweza kuiandika adabu kuwa uongo. Mama aliyefiwa anaweza kusimama kizimbani bila hata tone la chozi, kwa kuwa amemaliza, na ukavu huo ukadhaniwa kuwa moyo mgumu. Shahidi husema kwa Kikamba, mkalimani hupokea na kusema kwa Kiingereza, jaji huandika. Neno huvuka mito miwili kabla ya kufika kwenye karatasi, na katika kila kivuko kuna kinachoachwa ukingoni. Katiba, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi. Ni haki kubwa. Hata hivyo mkalimani hutafsiri maneno; hatafsiri kimya. Na tangu 2020, janga la korona lilipoyafunga majengo, mashahidi wengine husikilizwa kupitia skrini, uso wa mtu ukiwa na ukubwa wa kiganja, na mtandao ukikatika pale pale sauti ilipoanza kutetemeka. Kusikia si kuona, walisema wahenga. Siku hizi ni lazima pia tuulize kuona ni nini.

Kuna kifungu katika Sheria ya Mwenendo wa Jinai, cha 200, ambacho watu wa Ukambani wanakijua kwa miguu hata kama hawakijui kwa namba. Hakimu akihamishwa kesi ikiwa nusu, anayempokea lazima amwambie mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka mashahidi waitwe tena na kusikilizwa upya; kifungu kinachofuata kinaiweka haki hiyo pia mbele ya jaji. Sheria yenyewe inakubali kwamba sikio la mtu halirithiwi pamoja na faili. Ni haki, nayo ina gharama, na gharama hulipwa na shahidi. Mama aliyeeleza mara moja jinsi alivyomkuta mwanawe ataeleza tena, mbele ya uso mpya, baada ya kuomba nauli upya. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu ya watu wa Kitui na Makueni ilikuwa Machakos, na anayetoka Mutomo au Mtito Andei alilala njiani ili aseme maneno ya nusu saa. Siku hizi Mahakama Kuu inakaa mjini Kitui, tena inakaa Wote, na mahakama za mahakimu ziko Mwingi, Kyuso, Mutomo, Makindu, Kilungu na Tawa. Kila jengo kati ya hayo ni sikio lililosogezwa karibu na kinywa. Sijui sifa nyingine ya serikali inayozidi hiyo.

Mwana wa Kitui, Willy Mutunga, alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2011 hadi 2016, na kati ya mambo aliyoyaanza mapema ni kuwavua majaji mawigi na kuwaondolea mwito wa "bwana" wa kikabaila, ule ulioletwa na Waingereza, ili waitwe mheshimiwa. Wapo waliosema ni mambo ya nje tu, nguo na maneno. Sikubaliani nao. Mtu aliyevikwa nywele za farasi kichwani na kuitwa bwana wa mabwana anawekwa mbali na kinywa cha mkulima, na umbali huo huingia katika ushahidi. Shahidi anayeogopa hasemi yaliyotokea. Husema yale anayodhani yanatakiwa. Ibara ya 159 ya Katiba inaanza kwa kusema kwamba mamlaka ya kuhukumu yanatoka kwa wananchi. Ikiwa yanatoka kwao, basi mwenye kuhukumu ni mjumbe wao aliyetumwa kusikia kwa niaba yao, na jina lake litoke katika kazi hiyo.

Ninalo ombi basi kwa wakalimani, kwa mawakili, kwa waandishi wa habari na kwa wale wanaotunga kamusi za sheria. Msimwite jaji wa majaribio, kwa kuwa hakuna mtu aliyejaribiwa pale, uhai haujaribiwi. Msimwite mdogo wala wa chini, kwa kuwa nyumba haiiti msingi wake chini kwa kuudharau. Mwiteni kama alivyoitwa chini ya mwarobaini: jaji aliyesikia kesi, hakimu aliyesikia kesi. Jina hilo ni refu kidogo, lakini kila aliyewahi kusimama kizimbani ataelewa linamtaja nani. Nanyi mnaoketi kwenye viti hivyo, Wote na Kitui na Makindu na kwingineko, jina hilo likiwafikia lipokeeni kama deni. Kwa sababu yule bibi, kijana alipomaliza kusoma, hakuuliza waliokaa Rufaa walikuwa wangapi wala majina yao. Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga katika pindo la leso, akainuka kwa kushika bega la mjukuu wake. Hukumu ilikuwa imebaki vile vile ilivyotolewa mara ya kwanza. "Alinisikia," akasema, kisha wakaenda stendi kutafuta gari la kurudi nyumbani.